Usiku wa Februari Mbagala, Usiku wa Julai Njombe

Jirani yangu anastaafu mwaka huu. Ametimiza miaka 60, umri wa lazima kwa mtumishi wa umma, na habari za kiinua mgongo zimeshaanza kuzungumzwa sebuleni kwake kabla fedha hazijaingia. Yeye ni Mbena wa Njombe aliyeteremka Dar es Salaam akiwa kijana, na hewa ya huku hajaizoea mpaka leo. Mkewe ni Mndengereko wa Rufiji. Mzee anataka wauze nyumba ya Mbagala warudi Njombe, "nikalale," kama anavyosema mwenyewe. Mama hataki kusikia. Njombe alikwenda mara moja, kwenye msiba wa mama mkwe wake mwezi wa saba, akarudi na kikohozi cha wiki tatu. Mahali ambapo mtu anaogopa kuoga, anasema, si mahali pa kuzeekea.

Baraza letu la kahawa limegawanyika juu yao. Wapo wanaosema baridi ina dawa: utavaa sweta, utaongeza blanketi, utasogea karibu na moto, lakini joto ukishavua shati umefika mwisho. Wengine wanajibu kwamba joto halijawahi kumdai mtu hela ya koti wala ya kuni. Mimi ni mtoto wa Temeke, na nina upande wangu katika jambo hili, ila nimeufikia kwa kuzunguka sana.

Tuanze na joto. Kwa tarakimu tupu, joto la Dar halitishi. Februari, mwezi ulio mgumu kuliko yote, mchana hufika nyuzi 32 au 33, na ipo miji duniani inayopita 40 kila mwaka. Kinachotuumiza sisi ni fukuto. Mwili wa binadamu hujipoza kwa jasho, na jasho hupoza pale linapokauka juu ya ngozi. Hewa ya pwani wakati wa kaskazi imeshiba unyevu wa bahari, haina nafasi ya kupokea jasho lako. Ndiyo maana mtu anatoka kuoga saa tatu usiku, anajifuta, na kabla hajafunga kanga yake vizuri ameshalowa tena. Na bahari hiyohiyo ndiyo inayouzuia usiku usipoe: usiku wa Februari unashuka mpaka nyuzi 25 hivi, unaishia hapo.

Usiku mmoja wa Februari umeme ulikatika kwetu saa nne. Feni ikazunguka mizunguko yake ya mwisho, ikasimama. Mwanangu wa miaka minne aliacha kitanda bila kuambiwa, akajilaza kifudifudi kwenye sakafu ya saruji, shavu chini. Baada ya muda akasogea kidogo, kwa sababu pale alipokuwa amelala pameshapata joto la mwili wake. Akawa anasogea hivyo, kipande kwa kipande, akitafuta saruji ambayo haijaguswa. Alfajiri nilimkuta mlangoni, alama ya ufa wa sakafu imejichora shavuni. Tangu siku ile nimeacha kuwasikiliza watu wanaopima joto kwa mchana. Mchana mtu ana kivuli, ana maji, ana kazi ya kumsahaulisha. Usiku ndio unaoeleza kama mahali panakaliwa au panavumiliwa.

Sasa twende Njombe. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kila mita 1,000 unazopanda, hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi. Hesabu hiyo unaiona ndani ya basi. Ruaha Mbuyuni abiria bado wanajipepea kwa magazeti, vioo viko wazi. Gari likimaliza kupanda Kitonga, vioo vinaanza kufungwa kimoja kimoja, na akina mama wanatoa vitenge vizito kwenye mabegi. Mwaka nilioenda mimi ilikuwa Julai, na usiku wa Julai kule hushuka chini ya nyuzi 10. Nililala chini ya mablanketi mawili, saa nane nzima, bila kugeuka. Sikumbuki usiku kama huo Dar es Salaam. Nilipoamka nilimwelewa jirani yangu vizuri kuliko miaka yote ya kusalimiana naye "kamwene" langoni.

Baridi ile pia inalinda. Vimelea vya malaria vinahitaji joto ili vikue ndani ya mbu. Hewa ikiwa chini ya nyuzi 16 hadi 18 hivi, havimalizi safari yao. Ndiyo sababu Njombe na Iringa zimo katika mikoa yenye malaria kidogo kabisa nchini, ilhali sisi wa pwani chandarua ni sehemu ya kitanda. Na chandarua chenyewe hakikutusaidia sana homa ya dengue ilipotulipukia mwaka 2014 na tena 2019, maana mbu wake huuma mchana. Wakoloni waliyajua haya mapema. Wajerumani walipanda kujenga Lushoto, wakapaita Wilhelmstal, ili maofisa wapate pa kukimbilia kutoka kwenye joto na homa za pwani.

Mpaka hapo mzee anaelekea kushinda. Lakini baridi ina bei, na bei hiyo wanaoisifia wakiwa Dar huwa hawaitaji.

Kila siku ya baridi inaanza na moto. Maji ya kuoga yachemshwe, ya kunawia uso yachemshwe, na mwenye mtoto mchanga achemshe tena jioni. Nguo ulizofua Jumatatu unaweza kuzikuta Jumatano bado zina ubichi kwenye mishono. Halafu kuna jiko la mkaa. Watu huliingiza chumbani usiku, wakafunga mlango na dirisha ili joto lisitoke, na mkaa unaowaka mahali pasipo na hewa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Familia nzima inaweza kulala isiamke. Kwa hiyo maneno ya barazani kwamba "baridi ina dawa" nayapokea kwa masharti. Dawa yenyewe inaua ikitumiwa vibaya, na anayeitumia vibaya ni yule asiye na hela ya hita.

Afya nayo haielemei upande mmoja. Baridi hukaza mishipa ya damu, na presha hupanda. Kwa mstaafu wa miaka 60 hilo si jambo dogo. Mwenye pumu hewa baridi humkaba. Ila ninaowafikiria zaidi ni wenye selimundu. Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 kila mwaka wenye ugonjwa huo, idadi inayotuweka miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani, na baridi ni moja ya mambo yanayoamsha maumivu yao makali ya mifupa. Upungufu wa maji mwilini ni jambo lingine, kwa hiyo joto letu nalo haliwaachi salama. Mzazi mwenye mtoto wa selimundu anayepangiwa kazi Makete hana anasa ya kuuliza anapenda hali gani ya hewa. Mwili wa mwanawe umeshajibu kwa niaba yake.

Na kuna kitu joto linatupa ambacho nilikiona nilipokikosa. Njombe, saa mbili usiku mtaa umefungwa. Milango imekazwa, sauti zimebaki ndani, kila familia na moto wake. Dar es Salaam saa mbili usiku ndipo mtaa unapoanza. Nyumba ina joto, basi watu wanatoka. Kina mama wanatandika mkeka nje, muuza kahawa anagonganisha vikombe, vijana wako kwenye drafti chini ya taa ya duka, muuza chipsi amezungukwa na watoto. Jirani akiumwa tunajua usiku huohuo, kwa sababu kiti chake kiko wazi. Ukaribu huu tunaousifu kama tabia ya watu wa pwani, nusu yake naamini umetengenezwa na fukuto. Mama wa Kindengereko anapokataa Njombe, kikohozi ni sehemu tu ya sababu. Mkeka wake atautandika wapi kule, na akae na nani?

Hata wenyewe wa baridini wanalijua hili. Ingia Kariakoo uulize maduka ya jumla ni ya nani. Hutapita mitaa mingi kabla hujakutana na Wakinga wa Makete, wilaya ambayo asubuhi za Juni umande huganda juu ya majani. Wametoka kwenye baridi kali kuliko karibu zote nchini, wakaja kujenga maisha katika soko lenye joto la kubana pumzi, kwa sababu biashara iko huku. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam, na wengi wao hawakuulizwa wanapenda joto au baridi. Walifuata riziki, ngozi ikazoea baadaye. Wanaochagua kweli ni wachache: mstaafu mwenye mafao, mwenye kazi ya kufanyia popote penye intaneti, na mwenye mali.

Lakini kuna sehemu ya joto la Dar ambayo haikutoka mbinguni, na hili ndilo linalonikera. Kijiji cha wavuvi kilichokuwa hapa kabla Sultani Majid hajaanza kujenga mji wake miaka ya 1860 kiliitwa Mzizima, na sikio la Mswahili linasikia humo kuzizima, ubaridi wenyewe. Upepo wa bahari ulikuwapo na bado upo. Waingereza walipoupanga mji waliugawa kwa rangi: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Uzunguni ikapewa ufukwe wa Oysterbay, viwanja vipana, miti, madirisha yanayopokea bahari. Uswahilini ikabanwa nyuma. Wakoloni wameondoka, mgawo wa upepo umebaki ulivyokuwa, ila sasa unauzwa kwa bei ya kiwanja.

Na sisi tumeongezea yetu. Nyumba ya zamani ya Kiswahili ilikuwa na ukumbi unaotoboa kutoka barazani mpaka uani. Ukifungua milango miwili upepo unapita nyumba nzima. Siku hizi tunajenga vyumba vyenye dirisha moja la aluminiamu la kuteleza, ambalo hata likifunguliwa lote hufunguka nusu. Mbele yake tunaweka nondo, kisha wavu, kisha ukuta wa tofali hatua mbili kutoka hapo. Juu tunaezeka bati ambalo likipigwa na jua humwaga joto chumbani kutwa, na kuta zilizolinywa joto hilo huendelea kulitoa mpaka usiku wa manane. Mwarobaini tuliukata ili kupata pa kuegesha gari. Halafu tunanunua kiyoyozi, uniti za umeme zinakwisha kabla ya mwezi, tunasema Dar haikaliki.

Mwaka uliofuata baada ya ule usiku wa mwanangu nilimwita fundi, nikamwambia atoboe dirisha la pili, mkabala na la kwanza. Alidhani naharibu ukuta. Februari iliyofuata feni ilikuwa bado inahitajika, siwezi kudanganya, lakini mtoto hakuhamia sakafuni hata usiku mmoja.

Nagusia haraka mambo mawili yanayorudi kila siku barazani. Dodoma, ambako watumishi wengi wamehamia tangu 2016, ina joto la mchana lisilo mbali na letu, lakini ni kavu: ukiingia kwenye kivuli unapata nafuu, na Juni usiku unatafuta shuka. Anayechoshwa na fukuto tu, wala hataki kufukuzana na kuni, aanze kutazama huko. Na wale wanaosifia baridi za Ulaya wanasahau giza. Stockholm mwezi wa Desemba jua hutua kabla ya saa tisa alasiri. Huo ni mzigo mwingine kabisa, na baridi ya Mbeya au Njombe isihesabiwe pamoja nao, kwani kule kwetu jua la mchana halikosekani kiangazi chote.

Upande wangu, basi. Kwa usingizi peke yake ningehamia nyanda za juu kesho. Kwa maisha yote ninabaki pwani, kwa sababu jioni za mkeka siwezi kuzinunua Njombe kwa bei yoyote, ilhali usiku wa Dar naweza kuupunguzia makali kwa dirisha, mti na dari. Huo ni uamuzi wa mtu mwenye afya ambaye mtaa wake wote uko Temeke. Mzee wa Njombe ana haki ya kuamua kinyume, mradi hesabu yake iwe kamili.

Na haijawa kamili, nilimwambia hivyo. Yeye huenda kwao Krismasi, wakati mvua zimeanza, vilima ni kijani na usiku una baridi ya kubembeleza tu. Akirudi Januari anaikuta Dar katika ukali wake, moyo unamwambia auze. Mama naye ameionja Njombe Julai peke yake, tena msibani. Kila mmoja analinganisha mwezi mzuri wa kwake na mwezi mbaya wa mwenzake. Februari ya Mbagala wameshaishi zaidi ya thelathini. Julai ya Njombe, wakiwa pamoja, na ndoo ya maji asubuhi na mtaa uliofungwa saa mbili, hawajaikaa hata wiki.

Alinyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, hilo la Julai sikulifikiria." Wiki iliyopita mama alikwenda mitumbani Karume akarudi na masweta mawili mazito na soksi za sufu. Wamekubaliana kukaa mwezi mzima, kwenye chumba cha kupanga wala si kwa ndugu, ili wachemshe maji yao wenyewe. Nyumba ya Mbagala haijatangazwa kuuzwa, na funguo wataniachia mimi.