Baisani wa Elk Island na Jirani wa Hifadhi Kule Kwetu

Mwenzangu mmoja wa kazini hapa Edmonton aliniambia, kwa nia njema kabisa, kwamba Waafrika wangejifunza kutoka Kanada namna ya kulinda wanyamapori. Nilikasirika, na sioni sababu ya kuificha hasira hiyo. Mimi ni mzaliwa wa Bunda, Tanzania, ambako nyumbu zaidi ya milioni moja bado wanahama kwa miguu yao wenyewe, ilhali katika bara hili baisani, yaani nyati wa Amerika Kaskazini, walipigwa risasi hadi kutoka makumi ya mamilioni wakabaki mamia tu mwishoni mwa karne ya 19. Katika hilo hatuna mwalimu huku.

Hata hivyo, kila ninapokwenda Hifadhi ya Elk Island, mwendo wa chini ya saa moja kwa gari, moyo wangu husema jambo jingine. Majira ya baridi yakiisha utamwona dume akijisugua kwenye mti, manyoya ya zamani yakimning'inia mabegani kama pamba chafu, na magari yote yamesimama kumpisha. Asili ya kundi hilo ni mfugaji Michel Pablo wa Montana, ambaye mama yake alikuwa wa kabila la Blackfeet. Marekani ilipokataa kununua wanyama wake, Kanada iliwanunua kuanzia mwaka 1907 na kuwaleta kwanza Elk Island. Wengi walihamishiwa hifadhi nyingine huko Wainwright baadaye, lakini makumi kadhaa waliwakwepa wakamataji, wakabaki Elk Island na kuzaana.

Mwaka 2016 ndama zaidi ya 80 wa kizazi hicho walirudishwa Montana, wakakabidhiwa Wablackfeet wenyewe. Hapo ndipo ninapowaonea wivu watu wa huku: hifadhi inapozidiwa na wanyama, jamii za wenyeji ni miongoni mwa wanaopewa, na wanyama hao huwa mali yao.

Jirani wa hifadhi kule kwetu anapewa nini? Sitaeleza habari za tembo na mashamba ya mahindi, maana anayesoma haya huenda amekesha akigonga debe kuwafukuza usiku wa jana. Kifuta jasho, yale malipo ya serikali kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyama, mnakijua, kiwango chake mnakijua, na muda wa kukisubiri mnaujua kuliko mimi. Mtu huyo tunamwita mhifadhi katika hotuba, lakini akiokota kuni upande usio wake anaitwa jina jingine.

Najua yupo atakayesema kwamba nimevimba kichwa, kwamba Elk Island ni kilomita za mraba 194 zilizozungushiwa uzio, na kwamba Serengeti yenye 14,763 haiwezi kuendeshwa hivyo. Ni kweli, na Mungu apishe mbali uzio ule usifike kwetu, kwa sababu nyumbu akizuiwa kuhama hufa. Mwingine atanikumbusha kwamba Kanada nayo iliwafukuza wenyeji, na hilo pia ni kweli: Wastoney Nakoda walizuiwa kuwinda katika ardhi yao wenyewe kule Hifadhi ya Banff, mahali ambapo baisani 16 kutoka Elk Island walirudishwa mwaka 2017. Lakini hoja hiyo inanipa nguvu zaidi, ndugu yangu. Ikiwa wenzetu walikosea hivyo, na imewachukua zaidi ya miaka mia moja kuanza kurekebisha, kwa nini sisi ambao wanyama wetu wangali hai tupite njia ile ile?

Wala siombi jambo geni. Jumuiya za hifadhi za vijiji tunazo, na mojawapo, Ikona, iko pale pale mkoani Mara. Ninachotaka ni kwamba mapato ya utalii yafike kijijini kwanza kabla ya kupanda ngazi za ofisi, na mkulima aliyeliwa shamba alipwe kabla ya msimu mwingine wa kupanda, kwa bei ya mahindi iliyopo sokoni siku hiyo.