Bwana Aliyekula Mara Mbili

Mteja alitaka katuni ya dakika moja na nusu tu: ile purukushani ya chakula katika mchezo wa Carlo Goldoni wa miaka ya 1740, Mtumishi wa Mabwana Wawili, wahusika waongee Kiswahili, watoto wacheke. Tukamjibu kwa kifua mbele: wiki mbili.

Kwa asiyeujua mchezo, tuko Venice. Truffaldino, mtumishi mwenye njaa isiyoisha, ameajiriwa na mabwana wawili kwa mpigo ili ale mishahara miwili. Wote wamefikia nyumba ya wageni ileile, na hawajui kama wako jirani. Mmoja ni Florindo. Wa pili ni Beatrice, mwanamke aliyevaa kama kaka yake marehemu. Aliyemuua kaka huyo ni Florindo, na Florindo huyohuyo ndiye mpenzi wa Beatrice. Basi Truffaldino anakimbia na masahani vyumba viwili, supu ya nani hajui.

Tulianza kuumia kwenye viraka. Vazi lake lote ni viraka, nasi tukamchorea 70, umbo la kashata, vikapendeza kweli. Halafu mmoja wetu akapiga hesabu kwa sauti. Sekunde moja ni fremu 24, yaani picha 24 zinazopita mfululizo. Mchoro mmoja ukikaa fremu mbili, ni michoro 12 kwa sekunde. Sekunde 90 ni michoro 1,080. Zidisha kwa viraka 70: viraka 75,600, kimoja kimoja, kwa mkono. Hakuna aliyekohoa.

Tukatafuta njia ya mkato: tandika picha moja ya viraka, mwili upite juu yake. Mwili ukatembea, viraka vikabaki palepale, ungedhani mtu anapita nyuma ya tundu lililokatwa kwenye kitenge. Tukarudi chini: viraka 14, vikubwa, mwili ukakatwa vipande (kiwiliwili, mkono wa juu, mkono wa chini, kiganja, na kuendelea), kila kipande na viraka vyake vilivyogandishwa humo. Mpaka wa viraka viwili usiuweke kwenye kiwiko wala goti. Mkono ukikunjwa, mstari unavunjika kama suruali iliyoshonwa umeme umekatika. Kiungo kiache katikati ya rangi moja, na chini yake uweke duara la rangi hiyohiyo la kuziba pengo.

Kisha kugeuka. Ukishakuwa na mhusika anayetazama kulia, wa kushoto unampata kwa kumpindua kama kwenye kioo, sekunde mbili tu. Lakini Truffaldino hubeba fimbo ya mbao kiunoni, nasi tulimchomekea kushoto. Kila alipogeuka na sahani, fimbo ikahamia upande wa pili. Dawa halali ni kuchora pande zote mbili. Sisi tukamnyang'anya fimbo.

Barakoa ya Truffaldino nayo ina mambo yake. Ni nusu uso, nyeusi, ya ngozi, inafunika paji hadi pua, kwa hiyo nyusi hakuna, na mchora katuni bila nyusi ni mpishi bila chumvi. Marcello Moretti, aliyecheza nafasi hiyo kwenye onyesho la mwongozaji Giorgio Strehler kule Milano mwaka 1947, mwanzoni aliipaka barakoa usoni kwa rangi badala ya kuivaa. Sisi kazi ya nyusi tuliipa shingo: kichwa kinaanza kugeuka, mwili unafuata fremu mbili baadaye. Mdomo uko wazi, na hapo Kiswahili kilitubeba: irabu tano, midomo iliyofumbwa ya m, b na p, meno juu ya mdomo kwa f na v, na umbo moja la konsonanti zilizobaki. Maumbo manane, basi.

Janga likaja na mabwana. Wote wawili tuliwapa kofia ya pembe tatu, joho na upanga. Kila anayechora wahusika anajua kipimo: mjaze rangi nyeusi tupu, uone kama bado unamtambua. Tulikiruka kwa sababu ya haraka. Na mafaili tukayaita bwana1 na bwana2. Mchoraji alimaanisha bwana1 ni Beatrice, maana ndiye aliyemwajiri Truffaldino kwanza. Mchezeshaji, yule anayeipa michoro mwendo, akaelewa bwana1 ni Florindo, maana mlango wake uko kushoto. Akagundua rangi "zimekosewa" chumba kimoja, akazirekebisha. Kompyuta ikakesha ikitoa video.

Asubuhi mteja akatazama kimya mpaka supu ya pili.

"Samahani," akasema, "huyu si ndiye amekula sasa hivi?"

Ndiye. Florindo alikuwa vyumba vyote viwili, anakula chakula chote peke yake, na kwenye chumba cha upande wa kulia alikuwa anaongea kwa sauti ya Beatrice, midomo ikifuata kila silabi bila kosa hata moja.

Tukaanza upya na wino mweusi. Florindo akawa mrefu kama mlingoti, joho limeishia kiunoni. Beatrice tulimvalisha nguo za kaka yake kwelikweli: koti limempwaya, mikono imemeza viganja, kofia imekaa masikioni. Hata kwenye kivuli unamjua, na kichekesho kikaongezeka bure. Mafaili yakaitwa beatrice_kulia na florindo_kushoto.

Mteja akaangalia toleo jipya, akacheka palepale tulipotaka acheke, akafuta machozi. Halafu akauliza fimbo ya Truffaldino imekwenda wapi.