Robo Tatu ya Kisiwa: Damu ya Amu Inadai Nini?

Ukitaka kumnyamazisha mtu wa Pwani anayehoji utafiti wa virusi, mwambie anaamini mumiani, wale wanaodhaniwa kunyonya watu damu wakaiuze. Mjadala huishia hapo hapo. Aliyeuliza anageuka mshamba, na aliyechukua damu anaondoka na chupa zake bila kudaiwa neno. Hoja hii husikika Amu, yaani Lamu, husikika Malindi, na wanaoitoa mara nyingi ni watu wa nia njema. Wanahofia uvumi ukishika kasi watoto watakosa chanjo, na hofu hiyo ina msingi. Ila wanachanganya watu wawili: yule anayekimbia sindano akidhani damu yake itauzwa, na yule anayepandisha mkono wa kanzu, akatoa damu, kisha akauliza, "Majibu nitayapata lini?"

Huyu wa pili ndiye ninayemtetea, na hoja yake nzito kuliko zote imo katika tukio la mwaka 2004.

Mwaka huo, baada ya miezi mikavu yenye joto, homa iliingia Amu. Pwani, homa yoyote ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo. Lakini malaria haimfanyi mtu ashindwe kushika kata ya kuchotea maji, au kufunga kifungo cha shati, au kuteremka ngazi bila kuketi kila kidato. Maabara ikathibitisha kuwa ni chikungunya, homa ya virusi vinavyoenezwa na mbu na kukaza viungo. Oktoba, mlipuko ukiwa umeshapoa, watafiti wakapima damu ya wakazi 288, na 215 kati yao wakakutwa na kingamwili, alama ambayo mwili huiacha kwenye damu baada ya kuambukizwa. Asilimia 75. Kwa mji uliokadiriwa kuwa na watu 18,000, hao ni kama 13,500.

Takwimu hii haitajwi sana hata na Waamu wenyewe, nami naona inastahili kutazamwa vizuri. Katika nyumba ya watu wanane, sita waliugua au walau waliambukizwa. Mvuvi, fundi wa majahazi, mwenye punda wa kubeba mawe: hakuna kati ya hawa anayefanya kazi akiwa ameketi. Viungo vikikaza kwa wiki, na kwa wengine miezi, nyumba hukosa chakula. Tena hiyo si hesabu ya waliofika hospitali, kwa maana wengi hawakufika. Bila ile damu ya Oktoba, msiba wa kisiwa kizima ungebaki katika madaftari ya zahanati kama malaria nyingi za mwaka huo. Hapo watafiti wana haki yao na siwapunguzii.

Lakini asilimia 75 ina maana nyingine pia. Virusi vilikuwa vimekaribia kumaliza watu wa kuwaambukiza. Kipimo kilikuja mgonjwa ameshapona na ugonjwa umeshasafiri. Kabla mwaka haujaisha ulikuwa Mombasa. Mapema 2005 ukawa Komoro, kisha Réunion, ambako watu wapatao 266,000, zaidi ya theluthi ya kisiwa, waliugua. Mwaka 2006 India ikahesabu zaidi ya milioni moja walioshukiwa kuugua, na 2007 ukazuka hadi Italia. Wanasayansi walipolinganisha vinasaba waliona kwamba virusi vya pwani ya Kenya ndivyo vilivyo karibu na shina la mlipuko wote huo wa Bahari ya Hindi. Takwimu za Amu zenyewe zilichapishwa kwenye jarida la kisayansi mwaka 2008. Kweli, kuchapisha si sawa na kutoa taarifa. Wizara na Shirika la Afya Duniani hawakungoja jarida. Walioachwa wangoje ni wenye damu.

Wanaotetea utafiti wana jibu, na tuwasikilize. Wanasema sayansi haifanyi kazi kwa mtaa mmoja. Kwa kulinganisha sampuli za zamani na mpya iligunduliwa kwamba virusi vya Réunion vilipata badiliko dogo lililoviwezesha kustawi ndani ya mbu mwingine, yule mwenye milia meupe anayevumilia hata baridi ya Ulaya. Ujuzi huo ni wa dunia nzima, Amu ikiwemo. Wanasema pia kwamba kuzuia sampuli kuna gharama: Indonesia ilipokataa kutoa virusi vya mafua ya ndege mwaka 2007, wengi waliona dunia nzima imewekwa hatarini. Na hawakosi kutaja Kilifi, ambako kituo cha KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, kimekuwapo tangu 1989 na kina wawakilishi wa jamii wanaochaguliwa na wenyeji kusikiliza malalamiko. Hiyo ni kazi ya kweli, na laiti ingekuwa hivyo kila mahali.

Hata hivyo, mfano wa Indonesia hauwasaidii kama wanavyodhani. Malalamiko yake yalikuwa kwamba inatoa virusi bure, halafu inauziwa chanjo kwa bei isiyoiweza. Ugomvi ule ndio uliozaa mfumo wa mwaka 2011 wa kugawana virusi vya mafua pamoja na faida zake. Aliyeitwa mkaidi ndiye aliyeifanya dunia iandike kanuni. Afrika Kusini nayo ilifanya kila alichotakiwa kufanya mwanafunzi mwema: Novemba 2021 ikatangaza kirusi cha Omicron upesi na kwa uwazi, na malipo yake yakawa ndege kuzuiliwa ndani ya siku chache. Baada ya hapo, mzee wa Langoni, mtaa wa Amu, akisita mbele ya fomu ya ridhaa, utamwita mjinga?

Kuhusu chanjo, ya kwanza ya chikungunya iliidhinishwa Marekani Novemba 2023, na huko ililengwa zaidi wasafiri. Mwaka 2025 leseni yake ikasimamishwa huko huko kwa sababu za usalama, kwa hiyo pengine hatukupitwa na mengi. Lakini tazama mpangilio wenyewe. Mgeni njoo, mwenyeji apone, tulifundishwa. Sasa mgeni ndiye anayetua Shela, kijiji cha watalii jirani na mji wa Amu, akiwa ameshachanjwa.

Kinachoniudhi zaidi, hata hivyo, si chanjo. Ni maji. Uchunguzi ule ulielekeza kidole kwenye ukame: mvua zilipokosekana watu waliweka maji ndani muda mrefu bila kuyabadilisha, na mbu anayeuma mchana akazaliana humo humo chumbani. Chandarua cha usiku hakimzuii huyo. Sasa ingia choo cha nyumba ya kale ya mawe pale mtaa wa Mkomani uangalie birika, lile tangi la maji lililojengwa ndani. Chini utaona bakuli la kaure limejengewa sakafuni. Maji yakipungua, samaki wadogo walikimbilia humo wakabaki hai. Maji yakijazwa, wakarudi kazini kula viluwiluwi. Leo palipokuwa na samaki pana pipa la plastiki lenye kifuniko kisichokaa sawa. Matokeo ya utafiti na birika la bibi yanasema jambo moja. Kulipeleka nyumba kwa nyumba, kwa Kiamu, hakungehitaji maabara wala hataza.

Ndiyo maana mabishano ya Geneva hayanitoshi. Mei 2025 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha makubaliano kuhusu maradhi ya mlipuko, lakini sehemu ngumu kuliko zote, ya nani anatoa virusi na nani anapata nini, ikaachwa ijadiliwe baadaye. Faida za namna hiyo zitagawanywa na serikali na makampuni. Ile ya pipa la maji anayeidai ni mwenye nyumba, na anamdai mtu aliyebisha hodi mlangoni kwake na sindano.

Kwa hiyo mimi nasema damu itolewe, ila fomu ya ridhaa iwe na mstari unaotaja mwezi wa kurudisha majibu, mahali, na lugha. Watafiti niliowahi kuwasikia hukubali haraka, kisha husema bajeti ya kurudi haipo. Mfadhili anayelipia jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri hashindwi na nauli ya boti kutoka Mokowe, gati la bara la kuvukia Amu.