Augustus na Ufundi wa Kujikweza kwa Kujishusha

Inapozungumzwa habari ya watawala wa Roma waliopenda kujikweza, majina ya kwanza kutajwa huwa ni Nero na Caligula. Mimi ninaona kwamba fundi wao mkuu alikuwa Kaisari Augustus, yule yule ambaye wasomaji wa Injili ya Luka wanamfahamu kwa amri ya kuandikishwa watu, kwa sababu yeye alijikweza kwa njia ya kujishusha.

Kabla ya kufariki mwaka 14 BK aliacha maelezo ya matendo yake na kuagiza yachongwe kwenye shaba mbele ya kaburi lake. Humo anasimulia kwamba sanamu zake za fedha zipatazo 80 zilikuwa zimesimamishwa jijini, akaziondoa mwenyewe, na kwa thamani yake akatoa vitu vya dhahabu katika hekalu la Apollo. Anasimulia pia kwamba alikarabati ukumbi wa maonyesho wa Pompeius kwa gharama kubwa bila kuandika jina lake popote. Jina hakuliandika ukutani, lakini habari za kutoliandika alitaka zisomwe na kila mpita njia!

Uso wake nao ulilindwa kwa uangalifu huo huo. Alifariki akikaribia miaka 76, ilhali sanamu na sarafu ziliendelea kumwonyesha kijana asiye na kunyanzi. Sanamu ya marumaru iliyofukuliwa mwaka 1863 huko Prima Porta, kwenye makazi ya mkewe Livia, inamwonyesha amevaa dirii ya vita huku miguu ikiwa mitupu kama ya miungu, na kifuani pake Mparthi, yaani mtu wa Parthia, dola hasimu ya Roma upande wa mashariki, anarudisha bendera ya kikosi cha Kirumi. Bendera hizo zilirejeshwa mwaka 20 KK kwa mazungumzo, lakini mtu akiitazama dirii hiyo atadhani palipiganwa.

Waliomjibu vizuri zaidi ni Wakushi, katika Sudan ya leo. Takriban mwaka 25 KK walishambulia mpaka wa kusini wa Misri na kuteka sanamu zake. Kichwa kimoja cha shaba, ambacho macho yake ya kioo na mawe yapo hadi leo, kilikutwa mwaka 1910 huko Meroe kikiwa kimezikwa chini ya ngazi za hekalu, mahali ambapo kila aliyeingia alimkanyaga mtawala wa Roma. Jeshi la Roma lililipiza kisasi, lakini baadaye Augustus alipokutana na wajumbe wa malkia Kandake kisiwani Samos aliwasamehe kodi. Katika maelezo yake yaliyochongwa, vita hivyo vimepewa maneno machache: jeshi lilifika Napata, mji ulio karibu na Meroe. Sanamu zilizotekwa hazimo, na msamaha wa kodi haumo.