Hivi kweli Mungu ana huruma ndogo kuliko mama yangu?

Mjomba wangu alizama Ziwa Tanganyika, huku kwetu Kigoma, mwaka 2009. Ulikuwa usiku wa giza, walitoka Katonga na kipe chao cha kuvulia kufuata dagaa kama siku zote, upepo wa kusi ukawakutia huko katikati, wenzake wawili wakashikilia ubao wakaokotwa asubuhi ila yeye hapana, mwili ulipatikana siku ya tatu. Naomba niseme ukweli kuhusu mjomba maana bila huo ukweli haya ninayoandika hayana kazi. Alikuwa anakunywa sana, alikuwa na madeni mwalo mzima, kanisani alionekana Krismasi na Pasaka tu, na alikuwa na wake wawili, mmoja Mwanga mwingine Ujiji, waliokuja kujuana pale msibani. Na huyohuyo ndiye aliyeninunulia sare na madaftari toka form wani mpaka form foo na hakuna siku hata moja alinikumbusha.

Pale makaburini mchungaji akashika maiki, akafungua Luka 16, ile habari ya tajiri na Lazaro, akasema ndugu yetu huyu angepewa dakika moja aongee angewaambia kitu kimoja tu, msinifuate huku. Akasema miaka milioni ikiisha kule ni kama hata haijaanza. Akaita wanaotaka kuokoka wapite mbele, wakapita kama sita hivi, kwaya ikaimba, tukafukia.

Jioni wanawake walikuwa wanasonga ugali wa muhogo nyuma ya nyumba, mafiga matatu, sufuria kubwa lile la kuazima. Walipoliepua yakabaki makaa mekundu. Mama alikuwa amekaa pembeni hajala toka juzi, akasogea taratibu, akanyoosha kiganja juu ya yale makaa akakiacha pale. Hakuna aliyeelewa haraka, mi nilidhani anaota moto. Shangazi ndo aliona uso wake, akamvuta mkono kwa nguvu, tayari ngozi ilishaanza kuinuka. Mama akasema, "nilitaka nijue anasikiaje." Halafu akasema, "kama kuna mlango ningeingia mimi akatoka yeye."

Toka siku ile sijaweza kusikiliza mahubiri ya jehanamu kama nilivyokuwa nasikiliza zamani. Na mimi ni Mkristo, nasema mapema ili mtu asianze kuniuliza nimehamia wapi. Nasali, nasoma Biblia, nafunga. Ndio maana hili jambo linanikaa kooni, lisingekuwa la kwetu lisingeniuma.

Nilipokuwa mdogo sandeskuli walitufundisha ziwa la moto. Sasa we fikiria mtoto wa Kigoma unaambiwa ziwa la moto, usiku ukitoka nje ukaangalia kule majini unaona mataa ya wavuvi yametapakaa mpaka upande wa Kongo huko, wakati ule walikuwa wanatumia karabai, leo ni za sola. Mi nilijua ndo lile. Nilijua mjomba anaenda kufanya kazi kwenye ziwa la moto kila usiku na asubuhi anarudi na dagaa. Kwahiyo kwa miaka mingi jehanamu haikunitisha, nilikuwa naona ni mahali mtu anaenda na kurudi. Nilivyokua nikaambiwa hapana, ule ni mwingine, ule mtu harudi.

Basi baada ya msiba nikaanza kusoma mwenyewe taratibu. Kitu cha kwanza kilichonishangaza ni kwamba hili neno moja "motoni" ambalo wahubiri wetu wanalipiga kama ngoma limebeba maneno matatu manne tofauti. Kuna kuzimu, kwa Kiebrania Sheoli, mahali pa wafu wote, wema na wabaya. Yakobo alipoambiwa Yusufu ameliwa na mnyama alisema atamshukia mwanawe kuzimu akisikitika, na hakuna anayesema Yakobo alikuwa anataka kwenda kuungua. Ayubu yeye alimwomba Mungu amfiche huko. Na hili neno kuzimu ni la kwetu kabisa, ndugu yake ni mizimu, ni kule waliko waliotutangulia. Halafu kuna jehanamu, ambalo lilitufikia kupitia Kiarabu, ndio maana majirani zetu Waislamu wa Ujiji wanalo hilohilo, lakini asili yake ni Ge-Hinomu, bonde la Hinomu, na hilo bonde lipo mpaka leo pale Yerusalemu, watu wanaenda wanapiga picha.

Na kilichofanyika kwenye hilo bonde ndo kilinimaliza. Wafalme wa Yuda, Ahazi na Manase, waliwapitisha watoto wao motoni pale. Mungu kupitia Yeremia, sura ya 7 mstari wa 31, anasema jambo hilo hakuwaagiza, wala halikuingia moyoni mwake. Nilisoma huo mstari nikafunga Biblia nikakaa. Yaani Mungu anaona watu wanachoma watoto wao anasema hiki kitu hakijawahi hata kunipitia moyoni, halafu sisi tukachukua jina la bonde hilohilo tukasema huko ndiko yeye mwenyewe atawachoma wanawe, tena bila mwisho. Najua nitaambiwa Yesu mwenyewe alilitumia hilo jina, ndiyo, alilitumia na alikuwa anaonya kweli, sikatai. Ila kwenye Mathayo 10:28 neno alilosema ni kuangamiza, mwili na roho. Na Paulo anasema mshahara wa dhambi ni mauti, hakusema mateso yasiyokwisha.

Turudi kwenye Luka 16 maana hiyo ndiyo iliyosomwa juu ya kaburi la mjomba. Isomeni vizuri jamani. Kwanza aliyeko kwenye mateso ni tajiri, mtu wa kula na kusaza aliyemruka maskini mlangoni kwake kila siku, na hiyo habari ikaja kusomewa mvuvi aliyekufa anadaiwa hela ya mafuta. Pili neno lililopo pale ni kuzimu. Na kuna kitu sijawahi kusikia mhubiri yeyote anakisema, kwamba Ibrahimu anapomjibu yule tajiri anaanza kwa kumwita "mwanangu". Yuko kwenye mateso bado anaitwa mwanangu. Na yule tajiri mwenyewe anaombea ndugu zake watano wasifike pale. Hata mwenye dhambi aliyeko kuzimu anawaonea huruma ndugu zake, halafu mimi niambiwe watakatifu mbinguni watakuwa wanaimba tu huku wanajua wa kwao wanaungua? Mama yangu aimbe? Mkimjua mama yangu msingesema hivyo.

Mzee mmoja wa kanisa ninayemheshimu sana nilimpelekea haya, akaniambia mwanangu, Mungu ni upendo ila ni wa haki pia. Nikamwambia shikamoo baba, mimi haki naitaka, tena naitaka sana, lakini haki si ina kipimo? Ukiiba kuku hapa Kigoma ukafungwa maisha wewe mwenyewe utasema hakimu kakosea. Yesu kwenye Luka 12 anasema mtumwa aliyejua mapenzi ya bwana wake atapigwa sana na asiyejua atapigwa kidogo. Kidogo! Sasa "kidogo" inakaaje ndani ya kitu kisicho na mwisho? Na kule Mathayo 5 anasema hutatoka humo mpaka ulipe senti ya mwisho, maana yake senti ya mwisho ipo. Mzee akanijibu kwamba dhambi dhidi ya Mungu asiye na mwisho inadai adhabu isiyo na mwisho. Hiyo hoja ni ya zamani, akina Anselmo wa Canterbury waliipanga karne ya 11 huko, na mi naona ina harufu ya enzi za mabwana, ambapo ukimkosea mkubwa kosa linakuwa kubwa kwa sababu ya cheo chake. Kwetu sisi mtu mkubwa kweli ndiye anayetarajiwa kumeza mengi. Mtoto akimtukana babu, babu hashiki panga.

Na msidhani haya ni mambo ya vijana wa simu. Gregori wa Nisa, karne ya 4, ambaye kanisa linamwita mtakatifu mpaka leo, aliamini moto wa Mungu unasafisha na mwisho wake Mungu anakuwa yote katika wote. Agostino, Mwafrika mwenzetu wa kule ambako leo ni Algeria, alipinga sana, na ndani ya kitabu chake cha Mji wa Mungu ametumia kurasa nyingi kuwajibu Wakristo aliowaona wana huruma kupita kiasi, maana yake walikuwepo wengi wa kujibiwa. Agostino ndo akashinda, ndo tunachohubiriwa mpaka leo. Wasabato, ambao kila mtu hapa ana jirani Msabato, wanafundisha kwamba waovu watateketea waishe, hakuna kuteswa milele. Papa Yohane Paulo wa Pili tarehe 28 Julai 1999 alisema jehanamu ni hali ya mtu aliyejitenga na Mungu kwa hiari yake kuliko kuwa mahali. Kwahiyo mtu akikwambia Wakristo wote toka mwanzo wanasema kitu kimoja, mwambie asome.

Ila kuna jibu moja lilinifunga mdomo wiki kadhaa, na halikutoka kwa mchungaji. Nauza mawese sokoni, jirani yangu wa meza ni mama wa Kirundi, alivuka kuja huku mwaka 1993 akiwa binti, baada ya Rais Ndadaye kuuawa, waliokuwa nyumbani kwao hakubaki mtu. Siku moja tunapima mafuta nikaanza kumwagia haya mawazo yangu, Mungu ni upendo, moto hauwezi kuwa wa milele. Alikuwa anamimina kwenye chupa, hakuinua macho, akasema, "mdogo wangu, usiniondolee ule moto wao." Akaendelea kumimina mpaka chupa ikajaa, akafunga kizibo akafuta na kitambaa.

Nimelifikiria hilo sana. Mtu anayeongea upendo wa Mungu juujuu bila kumwangalia huyu mama usoni ni mwongo, na mimi siku ile nilikuwa karibu na huo uongo. Siamini kwamba wauaji watapita tu kama hakuna kitu kilitokea. Naamini ipo siku ambayo kila mmoja wao ataona alichofanya chote, ataona kila uso, na atasikia maumivu aliyoyasababisha mpaka senti ya mwisho, na kwa mtu aliyefanya makubwa hiyo itakuwa ni moto kweli na sijui utachukua muda gani. Ninachokataa ni moto usio na kazi, unaowaka miaka milioni na mingine milioni, hausafishi, haurudishi chochote, haumwamshi hata mtoto mmoja aliyekufa, na Mungu ndiye anayechochea kuni. Nilimwambia hivyo baadaye. Alinisikiliza, akasema "labda." Hajakubali na sitamlazimisha, ana haki ya kudai kuliko mimi.

Wengine wanasema ukitoa jehanamu watu watafanya dhambi wanavyotaka. Jamani hiyo njia ya misafara iliyotoka Ujiji ikapita Tabora mpaka Bagamoyo, watu wamefungwa minyororo, na zile meli za Ulaya zilizovusha watumwa kwenda Amerika, wenye mali walikuwa wanaiogopa jehanamu wote, wa dini zote mbili. Haikuwazuia. Yohana anasema katika pendo hamna hofu, na anaongeza kwamba hofu ina adhabu. Wale sita waliopita mbele kwenye msiba wa mjomba, wanne nawajua, hakuna aliyefikisha mwaka kwenye huo wokovu.

Kwahiyo mimi nasimama hapa: hukumu ipo, moto wa kusafisha nauamini, na natumaini kwa moyo wangu wote kwamba hakuna atakayepotea moja kwa moja, maana imeandikwa Mungu hutaka watu wote waokolewe na mi sioni wa kumshinda. Kila Jumapili makanisa mengi yanasema kwenye imani ya mitume kwamba Kristo alishukia kuzimu. Alienda kufanya nini kama huko hakuna wa kutolewa? Na Zaburi 139, ningefanya kuzimu kitanda changu, Wewe uko. Mjomba alilala chini ya maji siku tatu, na Mungu alikuwa huko.

Na wachungaji nawaomba kwa heshima, hata kama mnaamini tofauti na mimi, msiba msiugeuze uwanja wa kuvunia watu. Wanaolia wana masikio. Mama yangu ana kovu kwenye kiganja cha kulia mpaka leo, akisonga ugali anashika mwiko kwa kujihadhari.

Juzi nilimsomea Warumi 9:3, Paulo anasema angeweza kuomba yeye mwenyewe atengwe na Kristo kwa ajili ya ndugu zake. Mama hajui kusoma vizuri, akaniambia rudia, nikarudia. Akakaa kimya muda, tulikuwa nje, mwezi haukuwepo na mataa yalikuwa mengi sana ziwani.

"Kumbe Paulo naye alikuwa na kaka," akasema.