Walinzi Watatu, Mlango Mmoja

Mashini, yaani kompyuta, imeishi na virusi miaka mitatu, haikulalamika hata siku moja. Imemeza fulashi za nusu ya komini ya Kenya hapa Lubumbashi, imepita sibere (maduka ya intaneti) zote za Kamalondo, folda zake zimegeuka vishale vidogo visivyofunguka, na bado kila asubuhi inawaka na kuchapa barua za kuomba kazi. Siku mwenye mashini anaamua kuwa mtu wa maana, anatoa dola zake, ananunua antivairasi yenye boksi na namba ya leseni, anaisakinisha vizuri kabisa. Skrini ya bluu. Inawaka, bluu. Inawaka tena, bluu. Sasa niambie, hapo adui ni nani?

Ndipo inaletwa kwa fundi ndani ya mfuko wa sokoni, pamoja na chaja yenye waya uliofungwa skochi sehemu nne. "Papa, mi shikugusa kintu." Hapa Lubumbashi hakuna mtu aliyewahi kugusa kitu. Mashini zote zinajiharibu zenyewe usiku, panya wanapanda juu ya meza kubonyeza "Installer".

Unauliza: humu kulikuwa na antivairasi nyingine? "Hapana, papa, hiyo ni ya kwanza." Unaichungulia, ziko tatu! Moja ilikuja na mashini kutoka Dubai, ya majaribio, muda wake ulikwisha zamani. Ya pili iliwekwa na mtoto wa shemeji anayesoma informatiki. Ya tatu ndiyo hii ya boksi. Na hapo bado hujaihesabu Windows Defender, ambayo ndiyo yenye adabu kuliko zote: ikiona antivairasi nyingine imejiandikisha kwa Windows, inakaa pembeni yenyewe. Hizo nyingine hazina malezi hayo.

Watu wanafikiri leseni ikikwisha antivairasi imekufa. Haijafa! Kilichokufa ni leseni, draiva, vile vipande vyake vinavyofanya kazi ndani ya Windows, bado ziko kazini. Ni kama mlinzi uliyeacha kumlipa mshahara lakini funguo za geti bado anazo, na ukirudi saa tano usiku anakuuliza wewe ni nani. Na draiva za antivairasi haziishi juu pamoja na Word na michezo ya karata. Zinaishi chini kabisa, ndani ya kiini cha Windows. Programu ya juu ikikosea, inafungwa peke yake, unatukana kidogo, unaendelea. Draiva ya huko chini ikikosea, Windows inasimamisha kila kitu kwa makusudi, isije ikaandika uchafu juu ya faili zako. Hiyo skrini ya bluu watu wanayoiogopa kama mchawi ni breki tu.

Wawili wakiwa huko chini, kinachotokea ukiuliza dereva yeyote wa lori aliyewahi kupita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, atakueleza bila kusoma kompyuta. Unafungua faili moja, barua ya kwaya. Mlinzi wa kwanza anaisimamisha: subiri, nakagua. Ili akague lazima aifungue. Wa pili anaona faili inafunguliwa: simama, nani amefungua? Naye anaifungua. Wa kwanza anaona imefunguliwa tena, anaanza upya. Dereva ametandika mkeka chini ya lori. Ukiwa na bahati mashini inakuwa nzito tu, diski asilimia 100 tangu asubuhi. Ukikosa bahati, bluu.

Basi toa za zamani. "Nilitoa, papa, kwenye Désinstaller, pale pa kuondoa programu." Ulitoa mlango, bawaba zimebaki. Watengenezaji wenyewe wanajua, ndiyo maana wanagawa bure programu za kufagia mabaki yao: Avast ina Avast Clear, Kaspersky ina kavremover, McAfee ina MCPR, ESET ina ESET Uninstaller. Hebu fikiria fundi seremala anayekuletea kabati pamoja na shoka la kulipasulia. Chukua fagio la antivairasi yako hasa, si la jirani, kwenye tovuti ya mtengenezaji mwenyewe, uliweke kwenye fulashi KABLA ya kuanza. Fagio hizi, kama ile ya Avast na ya ESET, zinafanya kazi yake ndani ya "Mode sans échec", hali salama ambayo Windows inawaka na vitu vya lazima tu, na huko hakuna intaneti. Na ukifika huko usihangaike na Désinstaller ya kawaida: huduma ya Windows Installer kwa kawaida inalala katika hali hiyo, kwa hiyo programu nyingi zitakataa kutoka na kukuandikia sentensi ndefu ya Kifaransa.

Kuingia huko nako ni safari. Bado kuna watu wanapiga F8 kama wanatwanga sombe (kisamvu). Hiyo ilikuwa Windows 7, wazee. Kwenye 10 na 11, kama Windows inafika mezani, yaani skrini yenye picha za programu, shikilia Shift halafu bofya Redémarrer (washa upya). Kama haifiki, iwashe, vile vidoti vinapoanza kuzunguka shikilia kitufe cha kuwashia mpaka izime. Rudia mara mbili au tatu, inayofuata itakuletea skrini ya ukarabati. (Wenye mashini za mezani mtaa wa delestaji, wa mgao wa umeme, hawahitaji kufanya hivyo, umeme unawafanyia bure.) Fuata Dépannage, Options avancées, Paramètres de démarrage, Redémarrer. Inakuja orodha ya namba 1 hadi 9. Usipige namba: kibodi zetu ni AZERTY, mpangilio wa Kifaransa, 4 bila Shift siyo 4, utakaa hapo mpaka bukari (ugali) ipoe. Piga F4. Kwenye laptopu nyingine lazima ushikilie na Fn.

Na tazama hiyo orodha vizuri, maana F8 tuliyomzika amehamia humo ndani. Kazi yake mpya ni kuzuia mlinzi wa mapema, ile draiva ya antivairasi inayowaka kabla ya wenzake na kuamua nani aingie. Kama mlinzi huyo amemkatalia draiva wa halali, mashini haiwaki kamwe, na F8 inakufungulia mara hiyo moja. F9 nayo inazuia mashini kujiwasha upya baada ya kuanguka, ili bluu ikae, uisome, usikimbizane nayo na simu kupiga picha.

Kuna wanaofika hapo wanaulizwa ufunguo wa BitLocker, kufuli la Windows linalofunga diski nzima. Tarakimu 48! Mashini umeinunua mkono wa pili, ufunguo uko kwenye akaunti ya Microsoft ya bwana mmoja huko Dubai ambaye hakujui. Hapo hata fundi ananyamaza. Ndiyo sababu mashini ya mkono wa pili ikikaguliwa, BitLocker ikaguliwe siku hiyohiyo inapowaka vizuri, na ufunguo uandikwe kwenye daftari.

Ukitaka kumjua mkosaji bila kubahatisha, ingia C:\Windows\Minidump, folda ambamo Windows inaandika habari za kila bluu. Huo mstari wa kuinamia nyuma kwenye AZERTY ni AltGr na 8, usiulize jirani. Faili za humo zifungue na programu ya BlueScreenView, tafuta jina lenye .sys. Likianza na asw ni Avast, klif ni Kaspersky, mfe ni McAfee. Ukiona ntoskrnl.exe usiikamate: hiyo ni Windows yenyewe, yaani nyumba ambamo ugomvi umetokea.

Lakini si kila kuzimika ni bluu, na hapa ndipo watu wanabadilisha antivairasi nne bure. Mashini ikikatika pap, giza, bila maandishi, hiyo siyo draiva. Antivairasi mpya ikishaingia inakagua diski nzima, prosesa inakimbia kuliko ilivyowahi kukimbia maishani mwake. Sasa mwezi wa kumi, joto la Lubumbashi, feni imejaa vumbi jekundu kama matofali, na betri iko kwa heshima tu. Inazima kujiokoa. Angalia kwenye Observateur d'événements, daftari la matukio la Windows: ukikuta Kernel-Power 41 na BugcheckCode 0, leta brashi na pasta ya kupoza prosesa, usilete antivairasi nyingine.

Na saa! Mashini imekaa wiki bila umeme, betri ndogo ya ndani, CR2032 ya volti 3, imekufa. Inawaka ikidhani ni mwaka 2015. Antivairasi inaangalia cheti, inaona kimetolewa miaka ambayo haijafika, inakataa kusakinishwa. Mwenye mashini anasema leseni ni ya bandia. Leseni ni nzima, kalenda ndiyo imelewa.

Na usifikiri umelogwa wewe peke yako. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya CrowdStrike, walinzi wa matajiri, ilituma faili moja yenye kasoro. Kwa hesabu ya Microsoft, mashini milioni 8.5 zikawa bluu, ndege zikabaki chini. Dawa? Mode sans échec, ufute kwa mkono faili inayoanza na C-00000291 na kuishia .sys. Mashini kwa mashini, mainjinia wa mishahara mikubwa wakizunguka maofisini, na BitLocker ikiwadai wao pia tarakimu 48.

Wa mwisho ni wale wa antivairasi ya kupasuliwa, iliyovunjwa kufuli la leseni ili itumike bila kulipwa. Maelezo yake yameandikwa wazi, mstari wa kwanza: zima antivairasi yako kabla ya kusakinisha antivairasi hii. Na mtu anasoma, anatikisa kichwa, anazima.

Haya. Tumefagia mbili, tumebadilisha betri ya saa, tumepuliza vumbi, chaja imechomekwa na betri iko juu ya nusu ili umeme usikatike draiva ikiwa nusu ndani nusu nje. Ile ya boksi imeingia peke yake, mashini imewaka, meza imeonekana. Kazi ya saa tatu na nusu. Mwenyewe anatabasamu, anaingiza mkono mfukoni, anauliza: "Kwa hiyo papa, virusi vimetoka?"

Virusi! Mama, hata hatujafika kwa virusi. Virusi vimekaa sebuleni muda wote huu, vinangoja walinzi wamalize kupigana.