TV Yetu Imegeuka Redio

Jumanne, saa tatu kasorobo usiku, yule mama wa kwenye tamthilia ya Kituruki ndiyo kwanza anafungua ile barua tuliyoingoja wiki mbili, TV yetu ikasema "tii", kioo kikawa cheusi kama sufuria ya ubwabwa wa msibani. Sauti ikaendelea. Mama Zuwena hakupiga kelele. Alinigeukia akaniangalia kama vile waya wa TV umechomekwa mgongoni kwangu.

Nikaitandika ubavuni makofi mawili, dawa tuliyorithi enzi za TV za kichogo. Wapi! Nikazima, nikawasha. Watu wanalia kwa Kiswahili safi kabisa, sura zao hazipo. Hamisi wangu wa darasa la sita akachukua simu, akawasha tochi, akamulika kioo kwa karibu. Na kweli, kule ndani kwa mbali watu wakaonekana, kama kambale kwenye maji ya mtaro.

Tukaishi hivyo siku nne. Mmoja ameshika tochi, wengine makocha. "Mulika kushoto, anaongea yule wa kushoto! Aah, umemulika pazia!" Kufika siku ya tatu watoto wanagombea zamu ya tochi, na mimi simu yangu ikipigwa naambiwa nisubiri kwanza watu waachane.

Siku ya tano nikaita fundi. Akaigeuza TV, akaigonga kwa kucha, akavuta pumzi kama daktari anayetafuta ndugu wa mgonjwa wa kuongea naye pembeni.

"Mzee wangu, kioo kimekufa. Na kioo ndiyo TV yenyewe. Pesa ya kioo, ongeza kidogo upate mpya."

"Lakini fundi, ukimulika tochi picha inaonekana."

Akacheka kwa huruma. "Hiyo ni roho yake inatoka, mzee."

Akanipa elfu kumi na tano aichukue ya vipuri. Nikamshukuru. Narudia ili mnijue vizuri mtu mnayemsoma: nilimshukuru, nikamtafutia na kamba ya kuifungia kwenye bodaboda. Ikaondoka na stika yake pale kona ya chini kulia, kipepeo cha kwenye bablishi alichobandika Zuwena akiwa na miaka mitatu, bawa moja limechanika. Tulishawahi kukisugua na mafuta ya taa, hakikutoka.

Kikao cha familia kikakaa. Akiba ilikuwa laki tatu na nusu, ambayo mimi muuza mkaa nimeikusanya kwa vumbi lililomo kifuani mwangu. Mama Zuwena anataka inchi 43, kwa sababu mama Rehema wa nyumba ya pili anayo inchi 43. Hamisi anataka ya intaneti. Nikamwambia mwanangu, saa moja tu ya picha safi inaweza kula GB tatu, hiyo TV itakula bando kuliko wewe unavyokula chapati. Baba mkwe, mzee wa Unguja, alikuwa amekuja kusalimia, naye akaona hapa ndipo pa kunimalizia. "Sisi kwetu televisheni ya rangi tunaijua tangu miaka ya 1970. Nyie Bara mmekuja kuiona TV ya kwenu 1994, ndiyo maana hata kuichagua hamjui." Sikujibu. Mahari bado namalizia.

Jumamosi nikashuka Kariakoo. Mama Zuwena alinipa usia mmoja tu: usitaje pesa uliyonayo. Sijafika hata kona, winga kanidaka mkono.

"Bosi wangu! TV, friji, sabufa! Inchi ngapi?"

"Arobaini na tatu."

"Una bajeti gani tajiri wangu?"

"Laki tatu na nusu."

Ilitoka yenyewe. Winga akaniangalia, akaangalia ndala zangu, akasema, "Kuna thelathini na mbili moja hiyo, imekuja kwa ajili yako."

Kama hujawahi kuongozwa na winga, ni hivi: duka si lake, TV si yake, hata kile kiti anachokuvutia si chake. Lake ni mdomo. Akaniingiza kwenye duka lenye TV kama thelathini ukutani, na zote, nakuapia, zinaonyesha kasuku. Kasuku mwekundu anaruka, asali inachuruzika, tone la maji linadondoka kwenye jani, halafu kasuku tena. Rangi mpaka unasikia njaa. Nikauliza, mbona hamuweki taarifa ya habari tuone mtangazaji anavyoonekana? Wakaniangalia kama nimeomba maji ya kunawa kwenye duka la viatu.

Mimi nilikuwa na tepu yangu mfukoni. Nikaitoa, nikapima kioo kutoka kushoto kwenda kulia. Inchi 28! Nikapandisha sauti. "Jamani, mbona mmenikata inchi nne? Nyama mnapunja, mpaka TV?" Duka zima likageuka. Kijana wa kaunta, wala hakukasirika, akaishika tepu akailaza kona ya juu mpaka kona ya chini ya upande wa pili. Thelathini na mbili. "Inapimwa kimshazari, mzee." Miaka yote hii nimekuwa nikisema inchi inchi, kumbe sijui zinaanzia wapi. Nikajifanya nakagua waya.

Kwenye boksi wameandika "4K", herufi kubwa kama kichwa cha mtoto. Lakini mtoto wa jirani anayesoma chuo alishanifundisha: 4K ni nukta za picha 3840 kwa 2160. Nikaigeuza TV, kwenye kikaratasi cha nyuma kuna 1366 x 768. Nikamwonyesha winga. Akasoma, akafikiri kidogo.

"Hiyo ni namba ya simu ya kiwandani, bosi."

Halafu akahamia kwenye dabo glasi kabla sijapata la kusema. Kioo juu ya kioo, mtoto akirusha kijiko hakuna kitu. Akachomoa ufunguo akaugonga kwenye kioo, ko ko ko, moyo wangu ukawa unagonga naye. Mtoto akirusha kiatu je? Hakuna kitu! Mke akirusha? Hapo akanyamaza kwanza, kisha akasema inategemea kosa.

Alianza na laki tatu na themanini. Tukavutana mpaka koo likakauka, tukaishia laki tatu na ishirini. Najisikia bingwa, nimebeba boksi langu natoka, nageuka kuaga, namwona kijana wa kaunta anamhesabia winga noti tatu za elfu kumi. Yaani huku kote tulikuwa tunabishania cha juu chake!

Nikanunua na kile kidude cha kulinda umeme, elfu ishirini, maana umeme wa mtaani kwetu ukikatika hurudi na hasira. Kwenye daladala ya Gongo la Mboto konda akatoza nauli yangu na ya TV, elfu tatu jumla, kwa hoja kwamba TV imekaa na mimi nimesimama. Sikuwa na la kumjibu, ni kweli ilikuwa imekaa.

Nyumbani vigelegele. Tukafungua boksi, nikafunga miguu, nikaipandisha kabatini. Mguu mmoja ukakaa. Wa pili ukabaki unaning'inia hewani kama mtoto kwenye benchi la zahanati. Kabati lile seremala alilipima kwa ajili ya kichogo cha inchi 21, na ile iliyokufa ilikuwa na mguu mmoja wa katikati. Hizi za sasa miguu wameitupa huku na huku mwishoni. Mimi nilikwenda Kariakoo na tepu, nikapima TV, sikupima kabati. Haya, vyuma vya kuitundikia ukutani, elfu kumi na tano. Fundi wa kutoboa, elfu tano, na ukuta wenyewe mchanga mtupu, akitoboa tundu moja linazaa.

Usiku tukawasha, familia nzima kimya, baba mkwe mbele. King'amuzi kikafikiri. Kikaandika: kifurushi chako kimekwisha. Maandishi yalikuwa safi ajabu. Kila herufi imesimama peke yake, unaweza kuishika. Hamisi akasema, "Baba, kweli ni 4K."

Mfukoni nilibaki na elfu mbili.

Kwa hiyo wiki iliyofuata, siku ya Simba na Yanga, mimi mwenye TV mpya ukutani nikaenda kibanda umiza. Timu yangu siitaji, wateja wa mkaa wako pande zote. Nikatoa buku mlangoni, nikajibana kwenye benchi la mbele kati ya wapemba wawili wa duka la jumla, joto, jasho, kelele. Picha ilikuwa nzuri. Nikasema moyoni, hawa wenzetu wamenunua wapi TV hii? Dakika ya kumi hivi mpira ukatoka kona, kamera ikaufuata chini kulia, na pale kwenye fremu, chini ya kibendera, kikanitazama kipepeo. Bawa moja limechanika.

Nikamuuliza mwenye kibanda aliyekuwa anauza maji. "Hii? Kanitengenezea fundi mmoja hapo juu, laki na ishirini. Wala haikuwa na ugonjwa, taa za nyuma ya kioo tu zilikuwa zimeungua."

Nikasimama nikakisogelea, nikakigusa kwa kidole. Ndicho.

"We mzee!" wakapiga kelele nyuma. "Kaa chini, unatuzibia TV!"

Nikakaa.